Nimepata nafasi ya uzamili wa uhandisi wa mazingira Ulaya bila ufadhili. Tuuze kiwanja?

BintiZiwa

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Nina miaka 28, naishi Kanda ya Ziwa. Nilimaliza shahada ya sayansi ya mazingira 2020 kwa GPA ya 3.7, na tangu 2021 niko maabara kwenye mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya mji wetu. Asubuhi napima majisafi yanayotoka kwenye chujio: tope, klorini, na harufu kile kipindi ambacho mwani umejaa ziwani. Mara mbili kwa mwezi naenda kwenye mabwawa ya majitaka kuchukua sampuli.

Hayo mabwawa ndiyo yamenileta hapa. Kiwango cha taifa kwa maji yanayoachiwa kwenda kwenye mazingira ni BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vinaihitaji kula uchafu uliomo, isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Ya kwetu yanatoka na 70, mwezi mwingine 85. Yanaingia kwenye kijito, na huko chini kuna akina mama wanamwagilia mchicha kwa ndoo, nawaona kila nikienda. Naandika namba, nasaini, napeleka taarifa. Mwezi unaofuata naandika tena. Miaka minne sasa. Mhandisi wetu ni mmoja kwa kazi zote za mji, nikimuuliza bwawa lina shida gani ananijibu akiwa anapanda gari, na nusu ya maneno yake siyaelewi. Nimechoka kuwa mtu wa kusema maji ni machafu. Nataka kuwa mtu anayejua bwawa lifanywe nini.

Sasa kuna chuo kimoja Ulaya, naomba nisikitaje, kimenipa nafasi ya uzamili wa uhandisi wa mazingira. Ni miaka 2, ada euro 9,000 kwa mwaka, ufadhili hakuna. Marehemu baba alituachia kiwanja Buhongwa na kuna mtu anatoa milioni 22. Mama anasema tuuze, elimu haiozi. Kaka yangu hataki kabisa, anasema kiwanja kikiondoka hakirudi. Wanabishana kwa sababu yangu na mimi nakosa usingizi.

Naomba mnisaidie. Je, niende? Nikimaliza nitatambulika kama mhandisi, ikiwa shahada yangu ya kwanza ni ya sayansi? Na jambo lingine linaloniogopesha: kidato cha sita nilisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), hesabu zangu ziliishia BAM, zile za msingi. Nitaziweza hizo hesabu za wahandisi?

Chuo kinataka jibu ndani ya wiki 5. Naomba kuwasilisha.

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Piga hesabu kwanza kabla ya kusikiliza mtu. Milioni 22 ukibadilisha haifiki euro 9,000. Kwa hiyo kiwanja cha baba yenu chote hakimalizi ada ya mwaka mmoja. Bado hujalala mahali, hujala, hujapanda ndege, na mwaka wa pili unakusubiri. Usiuze. Mama yako anakupenda ndiyo maana anataka kuuza, lakini mwambie hiyo hesabu taratibu, ukiwa umekaa naye jikoni, si mbele ya kaka yako.

Nimerudi Nyumbani

Mdogo wangu, nilifanya hicho unachotaka kufanya. Familia ilichanga, mjomba akauza ng'ombe, nikaenda kujilipia. Mwaka wa kwanza nilifaulu vizuri. Mwaka wa pili pesa ikaisha, nikawa naosha vyombo kwenye hoteli hadi saa nane usiku, asubuhi niko maabara nasinzia mbele ya vifaa. Uzamili wa uhandisi si wa kusoma jioni. Kuna wiki unatakiwa uchukue sampuli kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na vijidudu havisubiri zamu yako ya hotelini iishe. Nilikosa wiki mbili za vipimo, na andiko langu likachelewa miezi minane. Kila mwezi ulioongezeka ni kodi ya chumba.

Nilimaliza, namshukuru Mungu. Lakini mjomba alifariki kabla sijamrudishia hata ng'ombe mmoja. Sikwambii usisome. Nakwambia usiende bila pesa ya mwezi wa mwisho kuwa tayari mkononi.

Mhandisi wa Mabwawa

Dada, nitajibu la usajili na la hesabu, kwa sababu naona wengi wanalipita.

Uhandisi hapa nchini unalindwa na sheria, Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya 1997. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inaangalia shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambulika, halafu miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Uzamili juu ya shahada ya sayansi haukufanyi uwe umesoma ile miaka minne ya mwanzo. Waandikie ERB barua yenye nakala za matokeo yako, uwaulize wazi kuhusu hali yako, upate jibu la maandishi kabla hujalipa hata senti. Na shahada ya nje utahitaji itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Watu wengi wamerudi na vyeti vizuri, wakajua habari hii siku ya usaili.

Ila nakuuliza: unataka jina au unataka bwawa? Nimesoma maelezo yako mara mbili na hakuna mahali umesema unataka kuitwa Injinia. Umesema unataka kujua bwawa lifanywe nini. Hilo uzamili unaweza kukupa, hata kama mchoro wa mwisho atausaini mwingine.

Kuhusu hesabu. Sikiliza. Chukua bwawa lenye mita za ujazo 6,000 linalopokea mita za ujazo 400 kwa siku. Gawanya. Maji yanatakiwa yakae humo siku 15. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, na nusu ya usanifu wa mabwawa imesimama juu yake. Uhandisi unaanza pale unapokuta vipimo vinasema maji hayakai siku 15. Kwa nini? Inawezekana tope limejaa chini na ujazo si 6,000 tena. Inawezekana mdomo wa kuingilia unatazamana na wa kutokea, maji yanakata njia ya mkato kama mtu anayevuka uwanja wa mpira, na kona za bwawa zimelala hazifanyi kazi. Inawezekana magari ya kunyonya majitaka yanamwaga mengi kuliko yanayoandikwa getini. Kila sababu ina dawa yake na gharama yake. Ya kwanza unatoa tope. Ya pili unajenga kuta za kuongoza maji, au unahamisha bomba. Ya tatu unarudi kwenye daftari la getini. Ukijenga bwawa jipya kwa mamilioni wakati shida ilikuwa tope, umepoteza pesa ya umma.

Hesabu ngumu zipo, sitakudanganya: milinganyo tofautishi, mwendo wa maji kwenye mabomba, kasi ya vijidudu kula uchafu. Mtu wa BAM anaziweza akianza miezi sita kabla. Tafuta kijana wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) mtaani kwenu, mlipe akufundishe kalkulasi jioni. Baiolojia yako itakubeba mahali ambapo sisi wa PCM tulilia. Kumbuka bwawa linafanya kazi kwa mwani na bakteria, saruji ni chombo tu cha kuwawekea.

Swali langu kwako: bwawa lenu la kwanza lina ujazo gani, na tope limefika wapi?

BintiZiwa

Kaka, asante sana, nimesoma jibu lako nikiwa kazini nikatamani kwenda bwawani saa hiyo hiyo. Kwenye mchoro bwawa la kwanza lina eneo la mita za mraba 4,000 na kina cha mita 1.5, kwa hiyo ni 6,000 kama ulivyosema, sijui umejuaje. Daftari la getini linasema 400 kwa siku. Tope sijui. Hakuna aliyewahi kupima tangu nimefika.

Mhandisi wa Mabwawa

Mabwawa mengi ya miji midogo yana ukubwa huo, nilibahatisha.

Tope linapimwa hivi. Chukua mti mrefu ulionyooka, uzungushie taulo jeupe kuanzia chini hadi juu ya usawa wa maji, ufunge vizuri. Ushushe wima taratibu mpaka uguse chini, subiri kidogo, upandishe taratibu. Tope litaacha alama nyeusi kwenye taulo, pima urefu wake. Fanya hivyo sehemu nyingi. Usiende peke yako, vaa jaketi la kuokolea, na mwambie msimamizi wako kwanza.

Ruai Kwetu

Hamjambo kutoka Nairobi. Dadangu, mimi nilipitia Ujerumani kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, ule mpango wao wa kozi za maendeleo unaoitwa EPOS, kwa hivyo nitaongea juu ya huo tu.

Wanataka mtu aliyefanya kazi angalau miaka 2 baada ya shahada. Wewe uko nayo minne, na ni kazi yenyewe. Lakini soma hapa vizuri: kwa kawaida hawataki shahada iliyopita miaka 6. Ulimaliza 2020. Wanaokwambia usubiri tu, utapata wakati, hawajui kwamba mlango huu uko karibu kukufungia. Usiuze kiwanja, lakini pia usikae.

Unaomba moja kwa moja kwenye kozi, na kila kozi ina tarehe na masharti yake. Stuttgart wana kozi ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji, hiyo imewapitisha watu wengi wa Afrika Mashariki. Andikia mratibu wa kozi kabla ya kuomba, umweleze shahada yako ni ya sayansi, umuulize kama utakubalika na kama kuna masomo ya kujazia. Wanajibu. Ukipata, wanakulipa posho ya kila mwezi, bima na nauli. Ukienda kule bila ufadhili, ubalozi utataka uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa mwaka mmoja, na jimbo la Stuttgart linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula tangu 2017. Kwa hivyo hata pale watu wanaposema "Ujerumani ni bure", uliza ni jimbo gani.

Barua yangu ya kwanza ilikataliwa. Niliandika vile napenda mazingira tangu utotoni, mito, miti, kila kitu. Mwaka uliofuata niliandika juu ya mabwawa ya Ruai peke yake, yale yanayopokea maji machafu ya Nairobi. Niliandika nimeona nini kule, nimepima nini, nimeshindwa kuelewa nini. Nikaitwa. Ile aya yako ya akina mama na mchicha, na zile namba 70 na 85, ndiyo barua yako. Usiiharibu kwa maneno makubwa.

Kijana wa Ubungo

Kuna chuo cha maji cha Delft pia, Uholanzi. Wanafundisha wahandisi wa maji kutoka nchi zetu tangu 1957. Na ufadhili wa VLIR-UOS wa Ubelgiji, huo angalia sharti la umri mapema.

Tathmini

Samahani, nitasema tofauti. Kwa nini uhandisi? Una shahada ya sayansi ya mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalazimisha miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wataalamu wanaosajiliwa kufanya kazi hiyo si lazima wawe wahandisi. Soma uzamili wa usimamizi wa mazingira hapa hapa, jisajili, fanya kazi za ushauri. Kuna migodi, barabara, viwanda. Nimejenga nyumba kwa kazi hii na naifanya kwa uaminifu. Uhandisi utakupeleka njia ndefu ambayo mwisho wake bodi inaweza isikutambue.

Mhandisi wa Mabwawa

Mkuu Tathmini, kwa upande wa kipato uko sahihi na sikupingi. Ila ripoti ya tathmini inasema athari ni hizi na zipunguzwe hivi. Baadaye lazima awepo mtu wa kukaa na mabwawa yale miaka kumi. Miji yetu midogo imepungukiwa na huyo. Dada ameshasema amechoka kuandika ripoti.

Tathmini

Hapo nimekuelewa. Basi asome uhandisi, lakini asiache kujisajili kama mtaalamu wa mazingira. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Meru Kaskazini

Dada, mbona hakuna aliyetaja nyumbani? Mimi nilisoma chuo cha Nelson Mandela, Arusha, na nilitoka sayansi kama wewe, shahada ya kwanza kemia. Kazi yangu ilikuwa floraidi. Huku kwetu maji ya mlimani yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba floraidi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo maana unaona meno ya kahawia Arumeru, na wazee wengine mifupa imepinda. Nilifanya kazi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule ambao kituo cha Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi. Mifupa inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo. Moto ukiwa mdogo, maji yananuka na mtu hanywi. Moto ukizidi, mkaa unapoteza nguvu ya kushika floraidi. Nilikaa miezi kwenye hiyo tofauti ya joto tu, na bibi mmoja aliyekuwa anatuletea maji ya kisima chake kila Jumatatu alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, bado hamjamaliza kupika hiyo mifupa?"

Ninachotaka kusema ni kwamba tatizo lilikuwa kilomita chache kutoka maabara. Ukiwa Ulaya utasoma mitambo inayotumia umeme kupuliza hewa usiku na mchana, katika nchi ambazo majira ya baridi maji yanakaribia kuganda. Hiyo ni elimu nzuri. Lakini bwawa lako linaishi kwa jua la Kanda ya Ziwa. Matete na mafunjo ya kusafisha majitaka yaliyochunguzwa na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Mbwette, Katima na Njau, yanaota hapo hapo kwenu. Chuo Kikuu Ardhi nao wana uhandisi wa mazingira wa siku nyingi, na UDSM wana uzamili wa rasilimali za maji. Ukisoma ndani, mwajiri anaweza kukupa ruhusa ya masomo na mshahara ukabaki, na bwawa la mji wenu likawa ndilo andiko lako. Omba hiyo ruhusa kwa barua, usitegemee ahadi ya mdomo.

Omba DAAD na omba Arusha mwaka huu huu. Itakayojibu vizuri, nenda.

BintiZiwa

Nimerudi wakuu, zimepita siku 16, samahani kwa kuchelewa.

Kwanza nyumbani. Nilikaa na mama kama Mama Neema alivyoshauri, nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema basi kiwanja kikae. Kaka amenipigia mwenyewe, amesema ataninunulia vitabu vya hesabu. Kile chuo nimekiandikia kuwa sitaweza. Nililia kidogo siku hiyo, siwafichi.

ERB nimewaandikia, nasubiri. Barua ya ruhusa nimeipeleka kwa mkurugenzi, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mratibu wa Stuttgart nimemwandikia. Maombi ya Arusha nayajaza. Kalkulasi nimeanza Jumanne na kijana wa jirani.

Sasa bwawa. Kaka Mhandisi, tumepima. Nilikwenda na mwendesha mtambo wetu, tukaazima mtumbwi na majaketi ya wavuvi. Sehemu 12. Karibu na mdomo wa kuingilia taulo lilitoka jeusi sentimita 90. Katikati ni 50. Karibu na kutokea ni 10 hadi 15. Wastani wa zote nimepata sentimita 50, kwa hiyo kina kilichobaki ni mita 1, ujazo ni 4,000. Kwa mita 400 kwa siku maji yanakaa siku 10, si 15.

Halafu nikakaa getini siku tano nikihesabu magari ya kunyonya. Yanaingia mengi kuliko ya kwenye daftari. Nikijumlisha na ya bomba nafika kama mita 500 kwa siku. Siku 8. Kumbe maji tunayasukuma nje kabla vijidudu havijamaliza kazi, na mimi miaka minne naandika 70, 85.

Nina wasiwasi na jambo moja. Ule wastani niliufanya kwa kujumlisha zote 12 na kugawanya, lakini nyingi tulipimia upande wa kuingilia kwa sababu upepo ulikuwa unatusukuma huko. Ni sawa?

Mhandisi wa Mabwawa

Si sawa, na nimefurahi umeliona mwenyewe. Upande wa tope jingi umehesabiwa mara nyingi, kwa hiyo 50 inaweza kuwa imezidi. Chora bwawa kwenye karatasi, ligawe viboksi 20 vinavyolingana eneo, pima katikati ya kila kiboksi mara moja. Nenda saa moja asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Hizo magari andika namba ya usajili, saa, na ujazo wa tangi, kwa wiki 4 mfululizo, pamoja na siku za gulio.

Ukipata hizo 20 ziweke hapa, na uandike pia mdomo wa kuingilia na wa kutokea viko pembe zipi. Tutahesabu tope ni mita za ujazo ngapi, na litakaukia wapi likitolewa.

Mama Neema

Na wale akina mama wa mchicha, mwanangu, umewaambia?

BintiZiwa

Nimewaambia mama. Wawili wamehamia kisima cha shule kumwagilia. Wengine wanasema kisima kiko mbali. Jumamosi naenda tena na afisa afya wa kata.